Kumsimamisha mgeni, kumpa kadi au kumketisha na mwenyeji: ipi inafaa kanisa lenu?

Kanisa lililo karibu na hospitali ya KCMC mjini Moshi na kanisa lililo juu kule Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, yote hupata wageni Jumapili, ila si wageni wa aina moja. Huyu wa karibu na hospitali ametoka Singida au Tanga, ameleta mgonjwa, analala gesti, na ameingia ibadani kwa sababu moyo umemlemea. Yule wa Machame ni shemeji wa mtu, amekuja kwenye kipaimara, na nusu ya kanisa inajua tayari ni wa nyumba gani. Kamati ya mapokezi ikiwapokea hawa wawili kwa utaratibu uleule, mmoja wao ataumia.

Njia tunazolinganisha hapa ni tatu zinazotumika sana Moshi na Arusha: kuwasimamisha wageni wakati wa matangazo, kuwapa kadi ya kujaza, na kumpangia kila mgeni mwenyeji wa kukaa naye benchi moja. Zinaweza kuchanganywa, lakini kamati yenye watu wachache lazima ijue nguvu zake inaziweka wapi kwanza. Kwa usharika au parokia ya mjini, ushauri wetu ni mwenyeji kwanza, kadi ya pili, kusimamisha mwisho au kuachwa kabisa. Huko mlimani kusimamisha bado kuna nafasi yake, kwa masharti.

| Kwa ibada ya watu kama 300 | Kusimamisha | Kadi | Mwenyeji wa benchi |
|---|---|---|---|
| Watu wa zamu | 1 mwenye kipaza sauti | 3 | 8 |
| Vifaa | hakuna | karatasi 25 za A4 kwa kadi 100, kalamu 20 | vitabu 20 vya kuazima, vitambulisho vya jina |
| Muda unaokula ibadani | dakika 1 au zaidi kwa kila mgeni | dakika 2 kwa wote | hakuna |
| Mnachobaki nacho | jina lililosikika mara moja | namba ya simu na hitaji | mazungumzo, na mtu anayemkumbuka |
| Kinachoharibika mara nyingi | mgeni mwenye haya haji tena | kadi zinalala ofisini | zamu inabebwa na watu walewale 3 |

Kusimamisha

Utaratibu unajulikana. Matangazo yakifika, wageni wanaambiwa wasimame, kipaza sauti kinapita benchi kwa benchi, kila mmoja anataja jina, anakotoka na aliyemleta, kanisa linapiga makofi. Shida ya kwanza ni muda. Wageni 15, pamoja na kipaza sauti kinachotembea na yule mmoja anayeleta salamu za mtaa wake, wa jirani zake na za kwaya yao, ni dakika 20 au zaidi. Ibada ya kwanza ikichelewa hivyo, watu wa ibada ya pili wanasubiri nje kwenye vumbi, au kwenye matope ya masika.

Shida ya pili ni nzito zaidi. Kuna mgeni asiyetaka kutaja kwa nini yuko Moshi. Kuna aliyeondoka kanisa lingine kwa ugomvi, na akitaja jina tu watu watageuka. Kuna dada wa chuo aliyekuja peke yake, na kutangaza kwamba amepanga peke yake huko Rau au Longuo si jambo la kusema mbele ya watu 300. Kuna Mwislamu aliyekuja kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yake. Hao watabaki wameketi huku jirani anawagusa bega: "Simama, si wewe mgeni?" Mkiangalia vizuri, waliobaki wameketi ndio mliokuwa mnawatafuta. Waliosimama wana wenyeji wao tayari.

Desemba ina mtego wake. Mlimani makanisa hujaa watu waliorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Ukimwita "mgeni" mtu aliyebatizwa kanisani hapo na ambaye makaburi ya wazazi wake yako mgombani hapo chini, umemfukuza kwao. Mtangazaji aseme "waliorudi nyumbani" na "waliokuja kwa mara ya kwanza", makundi mawili tofauti, na lile la kwanza lisiulizwe majina.

Kijijini, hata hivyo, kunyamaza juu ya mgeni ni utovu wa adabu. Shemeji aliyepanda mlima na hakutajwa ataondoka na neno moyoni, na mwenyeji wake pia. Hapo simamisheni, ila mwenyeji ndiye aseme kwa niaba yake, kwa sentensi moja, baada ya kumwomba ruhusa mlangoni. Kipaza sauti kisifike mkononi mwa mgeni. Asiulizwe ameokoka lini wala ni wa dhehebu gani. Kwenye misiba msisimamishe mtu yeyote.

Mjini tangazo hili linatosha: "Kama leo ni mara yako ya kwanza kuabudu nasi, karibu sana. Huna haja ya kusimama. Baada ya ibada, wahudumu wenye vitambulisho wapo mlango wa kulia, watafurahi kukusalimia." Ni nusu dakika, na limeshasema mambo matatu ambayo mgeni alitaka kujua.

Kadi

Kadi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na huharibiwa na maswali mengi. Karatasi ya A4 ikikatwa vipande vinne sawa inatoa kadi nne, ukubwa unaotosha. Tumieni karatasi ngumu kidogo, maana mgeni ataandika juu ya paja. Weka jina, namba ya simu (andika "si lazima"), kisha visanduku vya kutia alama: napita tu, nimehamia, natafuta kanisa, nimealikwa kwenye shughuli. Chini yake: naomba kuombewa, naomba kuonana na mchungaji, nipigieni, msinipigie. Hicho cha mwisho ndicho kinachowafanya wengine wajaze. Umri, kabila, hali ya ndoa na kanisa la zamani havina kazi hapo. Aliyehamia atahitaji kuleta barua kutoka usharika wake wa awali, lakini hayo ni ya ofisini siku nyingine, si ya Jumapili ya kwanza.

Kadi ikusanywe kwenye kapu la sadaka. Asiye na hela mkononi anapata kitu cha kutumbukiza, na hakuna anayemtazama mara mbili. Gharama yake ni kwamba kadi huchanganyika na bahasha za ahadi, zikaishia kwenye fungu la mtunza hazina na kuonekana tena mwisho wa mwezi. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuzitoa kabla hesabu haijaanza, siku hiyohiyo.

Kuna pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na imani ya dini ya mtu imo kwenye taarifa nyeti. Namba iliyotolewa ili mtu aombewe isiingizwe kwenye kundi la WhatsApp la kanisa bila yeye kukubali, wala orodha ya wageni isibandikwe ubaoni. Daftari la wageni lililo wazi mlangoni nalo lina kasoro hiyohiyo: kila anayeandika anasoma namba za waliomtangulia. Kadi inalishinda daftari kwa hilo peke yake.

Badala ya kadi ya karatasi, msimbo wa kuskani kwa simu (QR) unawafaa wanachuo wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na vijana wa Njiro au Sekei kule Arusha. Bibi aliyetoka Same hautamsaidia, na mwenye bando lililoisha pia.

Mwenyeji wa benchi

Njia hii ndiyo inayochosha zaidi, na ndiyo yenye matunda. Kwa watu 300 panga wahudumu 8 kila ibada: wawili getini, wawili mlangoni, wanne wa kukaa na wageni. Wafike dakika 40 kabla. Wa mlangoni wasiondoke hadi dakika 20 baada ya ibada kuanza, kwa sababu mgeni ndiye anayechelewa: hakujua daladala ya kuingia, hakujua mlango, hakujua saa. Wahudumu wengi huingia ndani wimbo wa kwanza ukianza, na mgeni wa kweli anafika mlango hauna mtu.

Ili kila mtu atumike Jumapili moja kwa mwezi mnahitaji watu 32. Wakiwa 16, kila mmoja anatumika mbili. Chini ya hapo achaneni na geti, wekeni nguvu mlangoni na benchini. Msichague wanakwaya, kwa kuwa wataondoka kwenda kuimba na mgeni atabaki peke yake, wala mzee wa zamu anayesoma matangazo. Mgeni wa kike akae na mwanamke, kijana na kijana. Mwezi wa 10 na wa 11, vyuo vinapopokea wanafunzi wapya, nusu ya wenyeji wawe wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu.

Swali la mlangoni ni moja: "Umeshawahi kuabudu nasi?" Usiseme "Wewe ni mgeni?" Siku moja utamwambia hivyo mtu anayelipa ahadi hapo kwa miaka 20 katika ibada nyingine. Akijibu hapana, mhudumu ataje jina lake mwenyewe, asubiri, na asimdai la kwake.

Mahali pa kumketisha pana maana kubwa. Waliozoea hujaa nyuma kwanza, hivyo mgeni husukumwa mbele, benchi la kwanza, ambako hana wa kumtazama ajue lini kusimama na lini kuketi. Tengeni benchi mbili, ya tatu na ya nne kutoka nyuma, upande wa njia, zifungwe kitambaa hadi somo la kwanza lisomwe. Hapo mbele yake kuna watu wa kufuatisha, na akitaka kutoka na mtoto hasumbui mtu.

Kazi ya mwenyeji ibadani ni kunong'ona mapema mambo matatu yanayowatia wageni hofu.

La kwanza ni sadaka. Mgeni akijua kutakuwa na ya kwanza, ya shukrani na ya jengo, hataweka yote aliyonayo mwanzoni kisha akae na aibu mara mbili zilizobaki. Pale watu wanapotoka benchi kwa benchi kwenda mbele, mwenyeji aseme: "Ukipenda tutaenda pamoja, ukipenda kaa, hakuna tatizo." Na kama mwenyeji mwenyewe atabaki ameketi naye mara moja, mgeni atapumua.

La pili ni Meza ya Bwana. Katika KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hutegemewa kwamba anayekuja mezani amebatizwa na kupata kipaimara; katika Kanisa Katoliki komunyo ni ya Wakatoliki walio tayari kuipokea. Mgeni aambiwe hili kabla safu haijaanza kusogea. Kumwambia mtu akiwa tayari mbele ya altare ni kumdhalilisha, hata ukisema kwa sauti ya chini kiasi gani.

La tatu ni mnada. Aliyekulia usharika wa Kilimanjaro haoni ajabu watu kutoka nje na kuanza kunadi mkungu wa ndizi, mayai, kuku na maziwa yaliyoletwa kama sadaka. Mtu wa Lindi au mtalii haelewi ni nini kinaendelea, hajui kama ibada imekwisha, wala kwa nini aliyenunua kuku amemrudisha anadiwe tena. Mwenyeji amweleze kwa sentensi mbili na amwonyeshe njia ya kutokea kwa heshima. Wengi wakishaelewa hubaki, na hucheka, na wapo wanaonunua mayai.

Makosa ya wenyeji hujirudia. Wahudumu wawili wanapiga soga mlangoni na mgeni anapita kati yao. Mwenyeji anageuka mhojiwaji. Au lugha inateleza: mhubiri anaingia Kichaga kwa utani, kanisa zima linacheka, na aliyetoka mkoa mwingine anatabasamu bila kujua kwa nini. Mwenyeji atafsiri utani huo, au mhubiri auseme kwa Kiswahili pia.

Na kuna hili la watalii. Wakati wa misimu ya kupanda mlima, Juni hadi Oktoba na Januari hadi Februari, makanisa ya mjini Moshi na Arusha huona wazungu wawili watatu Jumapili. Huwa wanatolewa nyuma wakapewa viti vya mbele na nafasi ya salamu, wakati nesi mpya kutoka Babati amesimama ukutani. Mkitaka kujua mapokezi yenu yakoje, mwangalieni huyo nesi. Mtalii mpeni mwenyeji anayejua Kiingereza na karatasi ya utaratibu, inatosha. Kwenye kibao cha nje andikeni saa kwa namna zote mbili, "saa 1:00 asubuhi (7:00)", maana msomaji wa kigeni akiona saa 3:00 atakuja alasiri akute mlango umefungwa.

Kitabu, karatasi au projekta

Mengi hapa yanaamuliwa na umeme na jua. Projekta ya lumeni 3,000 haionekani vizuri kwenye kanisa lenye madirisha makubwa saa 4 asubuhi, na umeme ukikatika kwaya inaimba peke yake. Kitabu cha nyimbo cha kuazima kinafaa nyimbo, ila mgeni hajui kwamba liturujia iko kurasa za mbali na wimbo, na akishaupata ukurasa wengine wamemaliza. Karatasi moja ya A4 iliyokunjwa, yenye mtiririko wa ibada na maneno ya majibu, inashinda vyote viwili kwa mgeni, kwa sababu skrini inamwonyesha kinachoimbwa sasa tu na karatasi inamwonyesha kinachofuata. Msiandike tarehe wala namba za nyimbo juu yake. Mkiacha nafasi hizo wazi, nakala 40 zinatumika miezi kadhaa.

Chai

Chai ya wote ni ghali na mgeni hupotea kwenye umati. Chai ya wageni peke yao huwaweka kwenye chumba kama watu wa semina. Iliyo bora ni ya wageni, wenyeji wao na wazee wawili wa zamu. Kwa watu 40 pikeni lita 8, yaani vikombe 40 vya mililita 200: maji lita 5, maziwa lita 3, sukari pembeni nusu kilo, na baadhi ya chai iwe ya rangi bila maziwa kwa wanaohitaji. Maandazi 60. Iwe tayari kabla ya baraka ya mwisho, kwa kuwa mgeni hasubiri zaidi ya dakika 5. Kama mnada unafanyika upande huo huo, meza ihamie upande wa pili.

Watoto, na ngazi

Mzazi mgeni hatamwachia mtoto mtu asiyemjua, na ana haki. Waalimu wawe wawili chumbani wakati wote, jina la mtoto na simu ya mzazi viandikwe, mtoto na mzazi wapewe namba inayofanana, na mzazi aruhusiwe kukaa humo akitaka. Kwa wanaotoka hospitali na magongo, ngazi zenye kimo cha sentimita 30 zinahitaji mteremko wa urefu wa mita 3.6, uwiano wa 1 kwa 12. Mteremko mfupi wa mafundi wengi ni wa toroli, hauwezi kupandwa kwa kiti cha magurudumu.

Baada ya Jumapili: ujumbe, simu au kutembelea

Kijijini, kumtembelea aliyehamia ndani ya wiki ni wajibu, na mkichelewa mtaulizwa. Mjini, kumbishia mtu hodi bila taarifa, hasa dada anayeishi hosteli au familia iliyo gesti na mgonjwa, kunamtia wasiwasi. Kupiga simu ni kuzuri kwa aliyetia alama "nipigieni" tu. Kwa wengine wote ujumbe mfupi unatosha, Jumatatu kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku, usiozidi herufi 160 ili uwe SMS moja:

"Bwana Yesu asifiwe. Ni Mama Neema wa mapokezi kanisani. Tulifurahi kuabudu nawe jana. Ukiwa na hitaji au swali, nijibu hapa. Karibu tena."

Utoke kwenye simu ya mtu aliyemwona mgeni, si namba ya ofisi, na mwenye simu awe tayari kujibu. Parokiani salamu iwe "Tumsifu Yesu Kristo". Ujumbe wa kwanza usitaje mchango wa jengo, wala wa pili. Aliyeandika "msinipigie" asiandikiwe hata huo mmoja.

Kabla ya kuamua mtupe au mbakize njia ipi, hesabuni mambo mawili kwa robo mwaka: kadi zilizotolewa dhidi ya zilizorudi, na wageni wa mjini waliosema wanatafuta kanisa dhidi ya waliorudi mara ya pili. Msiwahesabu waliopita tu na wa shughuli, watawapotosha. Kadi zikirudi chini ya nusu, punguzeni maswali. Zikirudi nyingi na watu wasirudi, angalieni tarehe za ujumbe uliotumwa. Mara nyingi mtakuta umetumwa Alhamisi, au haukutumwa.